Samsung au iPhone? Kwanza Tuhesabu Miti

 

Tuanze na simu zenyewe, maana najua ndizo unazotaka kusikia. Samsung Galaxy S24 Ultra ilizinduliwa Januari 2024. iPhone 15 Pro Max iliitangulia kidogo, Septemba 2023. Zimeshatoka nyingine mpya baada ya hizo, lakini hizi mbili ndizo vijana wengi ninaowajua wanazipigia hesabu, kwa sababu bei yake imeanza kulegea na zile za mkono wa pili kutoka Dubai zinapatikana. Zote mbili zina fremu ya titani. Samsung ina kioo cha inchi 6.8, kamera kuu ya megapikseli 200, betri ya mAh 5,000 na ile kalamu yake inayochomekwa ndani. iPhone ina kioo cha inchi 6.7, kamera kuu ya megapikseli 48, inavuta kitu cha mbali mara 5, na iPhone 15 ndiyo familia ya kwanza ya iPhone kutumia waya wa USB-C, kwa hiyo ukisahau chaja yako unaazima ya Tecno kwa jirani. Samsung ina gramu 232, iPhone gramu 221. Zilipotoka Marekani, Samsung ilianzia dola 1,299 na iPhone dola 1,199. Piga dola moja kwa shilingi 2,500 tu: ya kwanza inavuka milioni 3, ya pili inabaki pale pale kwenye milioni 3 kasoro shilingi chache.

Nimezishika zote mbili, na zote hazikuwa zangu. Kwa video naipa iPhone, hasa ndani ya kanisa lenye mwanga kidogo. Kwa picha ya mbali naipa Samsung. Kwa kukaa na chaji, Samsung. Kampuni ya Samsung pia iliahidi kuiletea simu hiyo masasisho ya mfumo kwa miaka 7, yaani mpaka kwenye 2031 hivi, na kwa mtu anayenunua simu mara moja kwa miaka mingi hiyo siyo ahadi ndogo.

Sasa zilete Kilolo. Kuna vijiji vya kwetu, ukishateremka bondeni, simu ya milioni 3 na kitochi cha elfu 30 vinatafuta mtandao kwa pamoja na vinaukosa kwa pamoja. Wote mnapanda kilimani. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na mpaka leo bibi yako anatumiwa hela ya mbolea kwenye kiswaswadu kwa kubonyeza *150*00# bila kuhitaji kioo cha inchi 6.8. WhatsApp ni ile ile. Bando ni lile lile, na linaisha vile vile. Mama mmoja alionyeshwa picha ya simu ambayo mwanawe anataka kununua, akaangalia bei, akauliza: "Mwanangu, hiyo ukimpigia mtu anapokea haraka zaidi?" Tulicheka, lakini sijapata bado jibu zuri la kumpa mama yule.

Mwanawe ndiye aliyenifanya niandike. Ni mwenzetu wa VIWAWA, anaimba besi kwenye kwaya ya kigango, na ana mpango wa kurekodi kwaya, harusi, Komunyo ya Kwanza na Kipaimara. Hela ameipata: ameuza miti. Swali lake kwangu lilikuwa fupi kabisa. "Kaka, kati ya hizi mbili nichukue ipi?"

Ni swali zuri, na sitaki kulidharau. Wako watu wa kanisani ambao ukiwatajia simu ya gharama wanakunja uso kama vile umetaja dhambi ya mauti. Mimi siko upande huo. Fundi seremala mzuri hanunui randa mbovu ili aonekane mnyenyekevu. Mtakatifu Carlo Acutis, ambaye Baba Mtakatifu Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa mtu wa kompyuta kweli kweli. Alitengeneza tovuti kuhusu miujiza ya Ekaristi na alicheza michezo ya video kama watoto wenzake, ila alijiwekea mpaka wa saa moja kwa wiki. Alifariki tarehe 12 Oktoba 2006 akiwa na miaka 15, na iPhone ya kwanza ilitangazwa Januari 2007. Kwa hiyo mtakatifu wetu wa intaneti hakuwahi kuigusa iPhone hata moja. Sisemi hivyo kukusuta. Nasema kifaa chenyewe hakimfanyi mtu mtakatifu wala mwenye dhambi, kwa hiyo tutafute kwingine.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba uchaguzi unahusu njia. Mwisho wa safari, yaani lile lengo, hatulichagui kwa namna hiyo. Tunalitaka kwanza, ndipo tunachagua njia za kulifikia. Ukisoma haraka unaona kama mambo ya wanafalsafa tu, lakini jaribu kuifikiria hapa kwetu. Mtu amesimama Ilula kando ya barabara kuu, anabishana na wenzake basi lipi lina viti vizuri. Ukimuuliza anakwenda wapi, Dar es Salaam au Mbeya, anasema hilo bado hajaamua. Hoja zake kuhusu viti zinaweza kuwa za kweli kabisa, na bado yeye hajachagua kitu. Anapiga hesabu kwenye jambo ambalo halijaanza.

Ndivyo ulinganisho wa simu mbili za juu unavyofanya kazi kichwani mwetu. Ukishawekewa hizi mbili mbele, akili inaruka moja kwa moja kwenye megapikseli na inajisikia huru sana, kwa sababu kweli inachagua. Ila kuna uamuzi mkubwa umeshapita kimyakimya, kwamba milioni 3 zitatoka. Huo hukuufanya wewe. Umeupokea kama ulivyo, na sasa unaulizwa tu unataka rangi gani. Hata kama mwishoni utanunua simu hiyo hiyo, huo uamuzi wa kwanza ni wako, usiuachie tangazo.

Kuna mwanafikra Mkatoliki, Mfaransa René Girard, aliyezaliwa 1923, akafundisha miaka mingi Marekani, na akafariki mwaka 2015. Kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha kwamba mara nyingi mtu hatamani kitu kwa sababu ya kitu chenyewe. Anakitamani kwa sababu kuna mtu mwingine anayekitamani au aliyenacho, na huyo mtu ndiye anayekupa macho ya kukiona kizuri. Yaani ukitaka kujua kwa nini unataka simu fulani, usiangalie simu, angalia ni nani uliyemwona nayo. Huku kwetu hilo halihitaji mwalimu wa chuo kikuu. Akirudi mtu mmoja kutoka mjini na zile kamera tatu zinaonekana mgongoni mwa simu, akapiga picha kwenye kioo baada ya Misa, wiki hiyo hiyo nusu ya kwaya simu zao zimekuwa "nzito", "zinastaki". Juzi tu zilikuwa nzima. Jiulize kwa ukweli: kama simu hiyo ungeitumia mahali ambapo hakuna atakayeiona, na ikakaa kwenye kava la mpira ambalo halionyeshi alama ya kampuni, ungeitaka bado? Ukijibu ndiyo, endelea na hesabu zako kwa amani.

Halafu kuna hoja ya maskini, na hapa lazima tukae kidogo, kwa sababu inatumika vizuri na inatumika vibaya.

Kwa miaka mingi CHF iliyoboreshwa ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Gawa milioni 3 kwa 30,000. Ni kaya 100. Kigango kizima kinatibiwa zahanati mwaka mzima kwa simu moja. Hesabu hiyo ni ya kweli, na ikikuchoma iache ikuchome. Katekisimu, kuanzia namba 2402 hadi 2406, inafundisha kwamba mali ya dunia ilikusudiwa watu wote, na umiliki wa mtu binafsi upo ndani ya kusudi hilo. Mtakatifu Thoma alisema jambo hilo mapema zaidi: kutunza na kusimamia mali, mtu ana haki ya kuiita yake, katika kuitumia, aihesabu kama ya wote, awe tayari kumpa mwenye shida.

Lakini soma Injili ya Yohane sura ya 12. Maria wa Bethania anammiminia Yesu marashi ya gharama kubwa. Yuda anapiga hesabu papo hapo: yangeuzwa kwa dinari 300, wakapewa maskini. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku, kwa hiyo hesabu ya Yuda ilikuwa sahihi, karibu mshahara wa mwaka. Na Mwinjili anatuambia wazi kwamba aliyeipiga hakuwajali maskini. Alikuwa akishika mfuko na kuiba humo. Kumbe mtu anaweza kuwa na hesabu sahihi ya maskini na moyo wa mwizi. Kwa hiyo siwezi kumwambia kijana huyu "kaya 100" halafu nikaondoka kama nimemaliza. Kwa hesabu ile ile bodaboda ni dhambi, harusi ni dhambi, hata kinanda cha kwaya ni dhambi.

Tofauti naiona mahali pengine. Marashi ya Maria yalitoka mkononi mwake. Marko anasema yule mwanamke wa Bethania alikivunja kabisa kile chombo, na hakubaki na kitu cha kuonyesha. Simu inabaki mfukoni mwangu. Inaweza kuwa zawadi kwa kwaya, ndiyo, ila hiyo zawadi itabidi ionekane: nani ataishika, nani atarekodiwa bila kulipa, nani ataambiwa hapana. Kijana wetu aliponiambia atairekodia kwaya nilimuuliza kama mwalimu wa kwaya ataruhusiwa kuishika. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni simu yangu, kaka." Basi tuiite simu yake, na tuache kuisingizia kwaya.

Nisipite bila kutaja Kongo, ingawa jambo hili halitenganishi Samsung na iPhone. Betri za simu janja zinatumia kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa Kolwezi, kwa watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Koltani inatoka Kivu Kaskazini, kwenye machimbo kama Rubaya, ambayo waasi wa M23 waliyateka mwaka 2024. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alipofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023 aliwataka wenye nguvu waondoe mikono yao Kongo na Afrika. Kitu kimoja tu mnunuzi mdogo anaweza kufanya hapa bila kujidanganya: simu aliyonayo aitumie mpaka ichoke kweli.

Sasa miti.

Nimeliacha hili mpaka sasa kwa sababu ndipo penye uzito, na ni jambo ambalo kwenye ulinganisho wa simu halina hata mstari. Miti ya paini haiji kwa msimu mmoja kama nyanya za Ilula. Unasubiri zaidi ya miaka kumi. Mwaka Samsung itakapoacha kuiletea simu yake masasisho, mche uliopandwa siku simu hiyo ilipozinduliwa utakuwa bado haujafaa kupasuliwa mbao. Kijana wetu hakuipanda miti hii. Ilipandwa na baba yake, ambaye ni marehemu. Mama yake ndiye aliyekuwa akipalilia na kulima barabara ya moto kila kiangazi, maana moto mmoja wa mwezi wa kumi unamaliza kazi ya miaka yote. Na dada yake mkubwa, ambaye sasa ameolewa, ndiye aliyebeba miche kichwani kupanda nayo mlimani, wakati huyu wa simu alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Nilimuuliza: "Dada yako amepata ngapi?"

Akaniambia dada ameshaolewa, yuko kwa watu. Mama mwenyewe amesema miti ni ya mtoto wa kiume. Na yeye ameshatenga zaka, asilimia 10 kamili, itapelekwa parokiani Jumapili.

Naheshimu kwamba ametenga zaka. Wengi hawatengi. Ila Mtakatifu Thoma, akizungumzia sadaka, anauliza kama mtu anaweza kutoa sadaka kwa mali aliyoipata isivyo haki, na jibu lake ni gumu: mali ambayo kwa haki ni ya mtu fulani, huyo mtu ndiye wa kurudishiwa. Haki inatangulia. Haki ni kumpa kila mmoja kilicho chake, na ndipo ukarimu unapata mahali pa kusimama. Kumi ya asilimia haiwezi kutakasa fungu la dada. Sisemi kijana ameiba. Mila imemkabidhi na mama amebariki. Nasema tu kwamba swali la "ipi kati ya hizi mbili" limekaa juu ya swali la "hela hii ni ya nani", na la pili halijaulizwa na mtu yeyote pale nyumbani, labda isipokuwa na dada mwenyewe, kimoyomoyo, huko aliko.

Luka sura ya 12 inaanza habari ya tajiri mpumbavu na mtu mmoja katika umati anayepaza sauti: anataka Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Tunakumbuka maghala, tunamsahau huyu. Yesu anakataa kuwa mgawaji, halafu anageuka kuwaonya watu kuhusu tamaa. Zamani nilidhani anamwonya yule anayedai. Siku hizi naona onyo linamgusa pia, tena labda zaidi, yule ndugu ambaye hakusema kitu kwa sababu mali tayari alikuwa nayo.

Na mabinti watano wa Selofehadi, Hesabu sura ya 27, walisimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao, na Mungu akasema wanasema haki. Ni kweli baba yao hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo kesi hailingani sawasawa na hii. Kwa hapa nyumbani tuna iliyo karibu zaidi. Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alirithi shamba kwa baba yake akaliuza, na mtu wa ukoo wake akaenda kusema mwanamke haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilisema mila hiyo inagongana na haki zilizo kwenye Katiba. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kwa hiyo "ameolewa, yuko kwa watu" si jibu tunaloweza kulileta mbele ya sheria wala mbele ya altare. Kama mama anasema ni yako, mwite dada, mkae watatu, mama alisema hilo mbele yake. Mkishindwana, yupo mwenyekiti wa jumuiya, yupo katekista. Upande wa juu wa shamba umeshakatwa, upande wa chini bado umesimama. Kuna cha kugawana.

Sasa jibu, maana niliulizwa na sitaki kukimbia.

Baada ya dada na mama kupata chao, tuseme umebaki na milioni 1 hivi. Kama kazi ni kurekodi kwaya na harusi, achana na zote mbili. Nimeangalia video nyingi za kwaya zetu na karibu zote zinaharibiwa na sauti. Picha inaonekana vizuri tu, ila besi hazisikiki na kinanda kinawameza soprano. Nunua simu ya kati yenye kamera nzuri, halafu hela inayobaki nunua maiki ya kuchomeka na stendi. Kanda ya kwaya iliyosikika vizuri kwa simu ya laki sita itakuletea wateja kuliko titani.

Na kama baada ya haki yote bado una milioni 3 za kwako kweli, na kazi ipo, chukua Samsung. Betri kubwa kwa siku umeme ukikatika, miaka 7 ya masasisho, na kalamu utaizoea. iPhone ningekushauri kama unaishi kwa video peke yake na una uhakika wa fundi wa karibu.

Ukinunua ya mkono wa pili, usitoe hela kabla hujaikagua. Iwe imetolewa kwenye akaunti ya iCloud au ya Google ya mwenyewe wa kwanza, mbele ya macho yako. Muuzaji akisema atakutumia nenosiri baadaye, ondoka, huenda ni ya wizi, na anayenunua cha wizi akijua ameingia kwenye amri ya saba pamoja na aliyeiba. Bonyeza *#06# uone namba ya IMEI, linganisha na iliyo kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090. TCRA ilizima simu bandia Juni 2016, na waliokuwa wamenunua bila kukagua waliamka na kioo kizuri kisichopiga popote. Risiti omba yenye jina lako. Na ukienda mjini Iringa kununua, mchukue dada yako muende pamoja kama ana nafasi. Ana fungu lake, huenda naye anahitaji simu.